KIDOLE CHA MGENI NA KURA YA MFANYA KAZI

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya mkutano wa wajumbe wa matawi. Yamepigwa chapa hapa ili wanachama waliokuwa zamu siku ile nao wayapate.)



Halmashauri imetutuma tuseme nanyi juu ya jambo moja tu. Matawi matatu yameleta barua, na barua zote zauliza neno lile lile: balozi wa nchi ya nje akisema hadharani kwamba mtu fulani hafai kuitawala nchi yetu, je, chama chetu kisimame upande wa mtu huyo, ili mgeni ajue kwamba hapa si kwake? Tawi moja limekwisha kujijibu lenyewe. Limeandika kwamba anayechukiwa na wageni huyo ndiye wetu. Maneno hayo ni matamu, nasi tulipoyasoma tulipiga makofi. Lakini baadaye tulikaa tukayapima, tukaona kwamba yaweza kutupeleka mahali ambapo hatutaki kufika.

Hatukuja kuwaambia mpigie nani kura. Kura ni siri ya mtu na sanduku. Twataka kuwaeleza yaliyowapata wafanya kazi wa nchi nyingine, na yaliyotupata sisi wenyewe hapa Kenya, ili kila mjumbe arudi katika tawi lake akiwa na jambo la kufikiri.

Tuanze mbali, katika nchi ya Argentina, Amerika ya Kusini, kwa kuwa huko mambo haya yalionekana wazi kama mchana.

Mwezi wa Juni 1943 wanajeshi waliitwaa serikali ya Argentina kwa nguvu. Miongoni mwao alikuwapo kanali mmoja, jina lake Juan Perón. Mwisho wa mwaka ule kanali huyo alishika ofisi ya kazi, ofisi ambayo wakubwa wengine waliiona haina maana. Yeye aliiona ina maana sana. Aliwaita viongozi wa vyama vya wafanya kazi, akawapa viti wakakaa, akawasikiliza, kisha akatia sahihi. Mwaka 1944 ikatoka sheria ya kuwalinda vibarua wa mashambani, watu ambao kabla ya hapo hapana aliyewahesabu. Mahakama za kazi zikawekwa. Likizo yenye malipo na malipo ya uzeeni yakawafikia watu wengi ambao hawakuwa nayo. Tusimnyime mtu haki yake: mambo hayo vyama viliyadai miaka mingi, na katika siku zake yakapatikana.

Wanajeshi wenzake wakamwogopa. Oktoba 1945 walimwondoa katika kazi, wakamkamata na kumpeleka katika kisiwa cha Martín García. Wafanya kazi hawakukubali. Tarehe 17 Oktoba watu wa viwanda vya nyama vya Berisso, na watu wa Avellaneda na vitongoji vingine, waliacha kazi wakaenda Buenos Aires kwa miguu. Madaraja ya mto yakainuliwa ili wasipite. Wengine wakavuka kwa mashua. Walijaa katika uwanja wa Plaza de Mayo, mbele ya nyumba ya serikali, na kwa uchovu na joto wakatia miguu yao ndani ya chemchemi za uwanja. Watu wa maisha mazuri walichukizwa mno na miguu ile. Wafanya kazi hawakuondoka mpaka Perón alipoletwa, na saa tano ya usiku akasimama barazani akasema nao.

Ndugu, angalieni jambo hili vizuri. Siku ile nguvu ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya wafanya kazi. Wao ndio waliomtoa mtu kifungoni. Nao walilijua jambo hilo, kwa maana kabla mwezi haujaisha viongozi wa vyama walikuwa wamekwisha kuanzisha chama chao cha siasa, Partido Laborista, yaani Chama cha Wafanya Kazi. Kilikuwa na mwenye kiti wake, Luis Gay wa chama cha wafanya kazi wa simu, na makamu wake, Cipriano Reyes wa viwanda vya nyama. Kilikuwa na masharti yake na shabaha zake. Kilimchukua Perón awe mtu wa kusimama kwa ajili yao katika uchaguzi wa urais. Wao ndio waliomchukua yeye.

Sasa aingie mgeni. Mwezi wa Mei 1945 Marekani ilikuwa imempeleka Argentina balozi aitwaye Spruille Braden, mtu wa jamaa ya matajiri wa machimbo ya shaba. Balozi huyo hakukaa ofisini na kuandika barua kama desturi ya mabalozi. Alizunguka akitoa hotuba dhidi ya serikali ya wanajeshi na dhidi ya Perón, na watu wenye mali wakamshangilia. Mwezi wa Septemba aliitwa kwao kupewa cheo kikubwa zaidi, lakini hakuiacha Argentina. Mwezi wa Februari 1946, yapata majuma mawili tu kabla ya siku ya kura, serikali ya Marekani ikatoa kitabu kilichoitwa Kitabu cha Buluu, kilichosema kwamba watawala wa Argentina, na Perón pamoja nao, walishirikiana na Wajerumani wa Hitler wakati wa vita.

Je, maneno yale yalikuwa ya uongo mtupu? Hapana. Serikali ile ya wanajeshi ilifunga watu na kubana magazeti. Haikutangaza vita juu ya Ujerumani mpaka Machi 1945, vita vilipokuwa karibu kwisha. Mambo yalikuwapo ya kuulizwa. Lakini aliyeuliza alikuwa mgeni, na aliuliza wakati watu walipokuwa wakijiandaa kwenda kwenye sanduku. Perón naye akajibu. Alisema neno moja fupi, nalo likaandikwa kwenye kuta za nchi nzima: ama Braden, ama Perón.

Fikirini ufundi wa neno hilo. Jina la Braden halikuwa kwenye karatasi ya kura. Mshindani wa Perón alikuwa José Tamborini, mwananchi wa Argentina, aliyesimamishwa na umoja wa vyama vingi. Lakini tangu siku ile Tamborini alisahauliwa, na kila mtu aliyempinga Perón akawa ni mtu wa Braden. Matajiri wenye viwanda nao walisaidia kuharibu mambo yao wenyewe. Mwezi wa Desemba 1945 serikali ilikuwa imeamuru wafanya kazi walipwe mshahara wa mwezi wa 13 kila mwisho wa mwaka. Matajiri wakakataa, na Januari 1946 wakafunga milango ya viwanda na maduka kwa siku tatu. Basi mfanya kazi akatazama, akaona upande mmoja tajiri na balozi, na upande wa pili mshahara wa mwezi wa 13. Ungekuwa wewe, ungefikiri sana?

Tarehe 24 Februari 1946 wanaume wa Argentina walipiga kura. Wanawake walikuwa bado hawajapewa haki hiyo. Perón alipata karibu kura 53 katika kila 100. Tamborini alipata karibu 43.

Na wako watu wengine waliopotea siku ile, ambao twapaswa kuwakumbuka kwa sababu walikuwa watu wetu. Walikuwa wanachama wa zamani wa vyama vya wafanya kazi, Wasoshalisti na Wakomunisti, waliokwenda jela kwa ajili ya wafanya kazi kabla jina la Perón halijasikiwa. Wao walionya kwamba mtu apewaye nguvu zote atazitumia zote. Walisema kweli. Lakini waliisema kweli hiyo wakiwa wamesimama jukwaa moja na rafiki za matajiri, na sauti ya balozi ikivuma nyuma yao. Wafanya kazi hawakuwasikia.

Je, baada ya ushindi, walioushinda walipata nini?

Twasema tena, tusimnyime mtu haki yake. Mishahara ilipanda sana katika miaka ile ya kwanza. Vyama viliongezeka watu. Mwaka 1947 wanawake walipewa kura. Lakini tarehe 23 Mei 1946, hata kabla hajaapishwa kuwa Rais, Perón aliamuru vyama vilivyomwunga mkono vivunjwe, na kile Chama cha Wafanya Kazi kikiwamo, viwe kitu kimoja chini yake. Chama kilichomleta kilikuwa na umri wa miezi saba.

Luis Gay alichaguliwa kuwa mkubwa wa shirikisho la vyama, CGT. Alitaka shirikisho liwe rafiki wa serikali bila kuwa mtumishi wake. Januari 1947 walikuja wageni kutoka vyama vya wafanya kazi vya Marekani kutembelea nchi. Perón akamshtaki Gay kwamba ataka kuwauzia Wamarekani shirikisho. Gay akaondoka katika kazi. Mwaona, ndugu? Lile jiwe walilomrushia balozi ndilo lililorudi likampiga mwenzao kichwani. Na Cipriano Reyes, yule mtu wa viwanda vya nyama aliyekataa chama kivunjwe, alikamatwa mwaka 1948 kwa shtaka la kutaka kumwua Rais, akateswa, akakaa jela mpaka serikali ya Perón ilipopinduliwa mwaka 1955. Mwanzoni mwa mwaka 1951 watu wa reli waligoma wakitaka nyongeza ya mshahara. Waliwekwa chini ya amri za jeshi.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mtu akisema, "Mimi ni mtumishi wa wananchi," waweza kumwuliza kazi yake. Lakini akisema, "Mimi ndimi wananchi, na anayenipinga ameipinga nchi," humwulizi tena kitu. Siku ile unapokubali kwamba yeye ndiye nchi, mgomo wako utakuwa ni uhaini. Na hapana kitu kinachomsaidia mtu kuwa yeye ndiye nchi kama mgeni mwenye nguvu anayemnyoshea kidole. Mgeni akimnyoshea kidole, makosa yake ya zamani yageuka kuwa nishani kifuani mwake.

Labda mtu atasema: basi shida ni kwamba balozi yule alikuwa mjinga. Angefanya kwa akili, kidole chake kingefanya kazi, na pengine wafanya kazi wangepona. Twamjibu kwa habari za Italia.

Mwaka 1948 Italia ilikuwa nchi yenye njaa, vita vimetoka kuibomoa. Tarehe 18 Aprili palikuwa na uchaguzi, na vyama vya Wakomunisti na Wasoshalisti viliungana wapate serikali. Safari hii Marekani ilikuwa na chambo, tena kikubwa: ngano, makaa ya mawe na fedha za msaada. Mwezi wa Machi waziri wao wa mambo ya nje, George Marshall, alisema wazi kwamba Waitalia wakiwachagua Wakomunisti msaada utakoma. Waitalia wanaokaa Marekani wakahimizwa kuwaandikia jamaa zao barua. Fedha za siri nazo zikatumwa kwa vyama vilivyopendwa na Marekani. Na upande wa pili ulikuwa na msaada wake kutoka Urusi. Tena mwezi wa Februari Wakomunisti walikuwa wametwaa serikali yote ya Czechoslovakia, na habari hiyo iliwatia watu wengi hofu. Chama cha Wakristo wa Demokrasia kilipata zaidi ya kura 48 katika kila 100, na wale walioungana kushindana nacho wakapata 31.

Huko kidole kilifaulu. Je, wafanya kazi walipona? Mwaka 1944 Waitalia wa vyama vyote vya siasa walikuwa wameweka shirikisho moja tu la wafanya kazi, CGIL, ili tajiri asipate ufa wa kupenya. Miezi michache baada ya uchaguzi ule shirikisho lilianza kupasuka, Wakatoliki wakatoka, na wengine wakafuata. Fedha kutoka Marekani ziliwasaidia waliotoka. Ilipofika mwaka 1950 yalikuwapo mashirikisho matatu makubwa, na kila moja likiwaita mengine vibaraka. Mtu wa kiwanda alipotaka nyongeza ilimbidi kwanza agombane na jirani yake wa mashine ya pili.

Basi wekeni nchi hizi mbili katika mizani. Argentina kidole kilishindwa, na chama cha wafanya kazi kikamezwa. Italia kidole kilishinda, na shirikisho la wafanya kazi likapasuka. Wapiganapo tembo, nyasi huumia; nasi twaongeza kwamba tembo huyu akishinda au yule akishinda, nyasi hazipewi taarifa.

Msidhani kwamba haya ni mambo ya wazee tu, au ya nchi maskini tu. Kanada ni nchi tajiri. Mwanzo wa mwaka 2025 kila aliyepima maoni ya watu alisema chama cha Liberal kimekwisha. Wapinzani wao Conservative walikuwa mbele kwa zaidi ya alama 20. Kisha Rais wa Marekani, Donald Trump, akaanza kutoza ushuru mkubwa bidhaa za Kanada, na kusema kwamba nchi hiyo ifanywe jimbo la 51 la Marekani. Watu wa Kanada wakakasirika, na hasira ile ikawatafutia mahali pa kusimama. Liberal wakabadili kiongozi, wakamweka Mark Carney, na tarehe 28 Aprili 2025 wakapata viti 169 katika 343. Kiongozi wa Conservative alipoteza hata kiti chake mwenyewe.

Lakini mtazameni aliyesahauliwa. Kanada kuna chama kiitwacho NDP, kilichoanzishwa mwaka 1961, na vyama vya wafanya kazi vilikuwa miongoni mwa wazazi wake. Mwaka 2021 kilipata viti 25. Mwaka 2025 kilibaki na viti 7. Watu wake wengi walikimbilia kwa yule waliyeona ataweza kusimama mbele ya Trump. Hatuwalaumu, kiwanda cha motokaa kikitishiwa kufungwa, mtu hutafuta ngao ya karibu. Lakini miezi minne baadaye, mwezi wa Agosti, wahudumu wa ndege wa Air Canada zaidi ya 10,000 waligoma. Walitaka walipwe kwa saa wanazofanya kazi ndege ikiwa bado chini. Mgomo haukumaliza siku moja, na serikali ile ile iliyochaguliwa kuilinda nchi ikachukua hatua ya kuwarudisha kazini. Wahudumu walikataa kurudi mpaka mapatano yalipopatikana. Walipona kwa sababu chama chao kilikuwa bado chao.

Sasa turudi nyumbani, maana mtu asiyetazama jungu lake hajui lililoungua.

Kwanza, habari za vyama vyetu. Mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari, Tom Mboya alikwenda Marekani, na shirikisho la AFL-CIO likatoa dola 35,000 za kusaidia kujenga makao makuu ya shirikisho letu la KFL mjini Nairobi. Nyumba ikaitwa Solidarity House. Fedha zile zilitufaa. Hapana sababu ya kuzionea haya. Siku zile serikali ya mkoloni ilikuwa imefunga kila mlango. Lakini baada ya hapo kila mgomvi alikuwa na neno la kusema. Huyu ni wa Wamarekani. Yule ni wa Ghana. Yule mwingine ni wa Urusi. Mashirikisho yakagombana, mpaka damu ikamwagika Mombasa mwaka 1965. Ndipo serikali ikasema basi. Ilifuta KFL, ikafuta na mshindani wake Kenya African Workers' Congress, ikaunda COTU, ikakata kamba za nje. Rais wa nchi akapewa sauti katika kumweka Katibu Mkuu. Ugomvi wa nje ulikwisha, ni kweli. Lakini ufunguo wa nyumba haukurudi wote mikononi mwa wanachama.

Pili, uchaguzi wa mwaka 2013, ambao wengi wenu mliupiga. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika nchi hii, na maelfu kwa maelfu walifukuzwa makwao. Wengine waliouawa walikuwa na kadi za vyama vya wafanya kazi. Uhuru Kenyatta na William Ruto walishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, nao wakakana mashtaka. Mwaka 2007 walikuwa pande mbili zinazopingana. Mwaka 2013 wakasimama pamoja. Tarehe 7 Februari 2013, mwezi mmoja kabla ya kura, mkubwa wa mambo ya Afrika katika serikali ya Marekani, Johnnie Carson, alisema kwamba kila uamuzi una matokeo yake. Mabalozi wa Ulaya nao wakasema kwamba watakutana na mtu aliyeshtakiwa pale tu panapokuwa na lazima.

Mnakumbuka mikutano ilivyobadilika. Neno likawa uhuru wa nchi. Kila aliyemwuliza mgombea swali aliambiwa ni kibaraka wa wazungu. Tarehe 4 Machi watu walipiga kura, na hesabu iliyotangazwa ilimpa Kenyatta 50.07 katika kila 100. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu kuliko zote, nayo ikaukubali ushindi huo.

Hatusemi kwamba watu wote walimchagua kwa sababu ya Carson. Watu huchagua kwa sababu nyingi: kabila, chama, ahadi, jirani. Lakini ushindi ulipita mpaka wa nusu kwa kura elfu chache tu, na neno la mgeni halikumwondolea mtu yule hata kura moja tunayoijua. Na wale waliouawa mwaka 2007 na 2008, wajane na mayatima, waliokuwa ndio sababu ya kesi yenyewe, walipotea katikati ya kelele. Mashtaka ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya Ruto ikasimamishwa Aprili 2016. Wajane bado wangoja.

Na mfanya kazi je? Juni 2013, serikali mpya haijamaliza miezi mitatu, walimu waligoma kwa majuma matatu wakidai posho zilizotajwa katika mapatano ya mwaka 1997. Miongoni mwao walikuwamo waliocheza ngoma ya uhuru wa nchi mwezi wa Machi, na waliocheza ngoma ya upande wa pili. Kwenye mgomo walikuta kwamba posho haina rangi ya chama.

Ndugu wajumbe, hatutaki mtoke hapa mkidhani kwamba twawatetea wageni. Nchi ya nje inayowaambia raia wa Kenya wamchague nani imevunja adabu, na chama kina haki kuiambia hivyo. Wala hatusemi mgeni hasemi kweli kamwe. Kweli ni kweli hata ikisemwa na mwizi. Wala hatutaki kukata urafiki na vyama vya wafanya kazi vya nchi nyingine, kwa maana tajiri wetu siku hizi ana ofisi katika nchi kumi, nasi tukikaa peke yetu atatuchezea. Tunalokataa ni hili: mgeni asituchagulie rafiki kwa kumpenda, wala asituchagulie rafiki kwa kumchukia. Yule anayempigia mtu kura kwa sababu tu balozi amemchukia, naye pia ameongozwa na balozi. Kamba ni ile ile, ila imevutwa kutoka upande wa pili.

Kwa hiyo Halmashauri yawaletea mambo manne, myapeleke katika matawi yakajadiliwe na kupigiwa kura.

La kwanza: chama kisitangaze kumwunga mkono mtu ye yote kwa sababu wageni wamemkataa, wala kumkataa mtu kwa sababu wageni wamemsifu.

La pili: kila anayetaka kura katika sehemu zenye matawi yetu apelekewe maswali yale yale, kwa maandishi, nayo yapigwe chapa katika gazeti hili pamoja na majibu yake. Je, ataiheshimu haki ya kugoma iliyomo katika kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010? Atafanya nini na tajiri anayewaweka watu vibarua miaka mitano bila barua ya kazi? Mapatano yakitiwa sahihi, je, atayalipa? Asiyejibu tutaacha nafasi yake tupu ukurasani, ili kila mtu aione.

La tatu: msaada wo wote utokao nje, hata ukiwa ni mashine ya kuchapa au nauli ya kwenda kwenye mafunzo, uandikwe katika vitabu vya chama na usomwe mbele ya wanachama. Kilichosomwa hadharani hakiwezi kugeuzwa kuwa shtaka gizani.

La nne: kiongozi wa chama anayetaka kusimama katika uchaguzi wa siasa aache kwanza ufunguo wa ofisi ya chama. Hatumzuii, twamwombea heri. Lakini Argentina imetufundisha kwamba chama kikiwa mkononi mwa mgombea, siku ya ushindi wake ndiyo siku ya kufungwa kwake.

Twajua kwamba mambo haya manne hayana utamu kama ule wa barua ya tawi lile. Hayachezeki ngoma. Kwenye mkutano wa hadhara mtu akisema "ama sisi, ama wageni," uwanja wote unainuka. Ukisema "tuonyeshe mapatano," watu wanakaa kimya wanakutazama. Hata hivyo mulizeni swali hilo. Mulizeni siku ya mkutano, na siku ya kura, na asubuhi ya siku inayofuata, wakati bendera zimekwisha kushushwa na king'ora cha kiwanda kinalia kama kilivyolia jana.

Wale watu wa Berisso walikuwa na nguvu ya kumtoa mtu kifungoni. Walichokosa ni kuishika nguvu hiyo isiwatoke baada ya kumtoa. Sisi tusikose hilo.

Majibu ya matawi yamfikie Katibu kabla ya mkutano mkuu. Umoja wetu ndio nguvu yetu.